Wenzangu wa Gizani

Rochester, New York

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako niliipata, na swali lako nimekaa nalo wiki tatu. Umeuliza: kampuni iliyoijaza dunia picha ilikufaje, nawe ukiwa humohumo ndani? Ningekujibu mapema, ila nilikuwa naingoja Jumamosi tuliyopanga kukutana sisi wafanyakazi wa zamani wa Kodak. Nilijua majibu yatakuwa mengi. Yalikuwa mengi kuliko viti.

Kwanza nikusimulie yaliyonikuta mlangoni. Mama mmoja mwenye mkongojo alinitazama, nami nikamtazama, kila mtu hamjui mwenzake. Nikamwamkia. Hapohapo akafumba macho. "Sema tena," akaniambia. Nikarudia. Akalitaja jina langu, akalitamka kombo vilevile alivyolitamka zamani, na kwa kule kukosea kwake nami nikamjua. Tulikuwa zamu moja miaka sita, Dada, na uso wake sidhani kama niliuona vizuri mara ishirini.

Maana sisi tulikuwa watu wa giza. Karatasi ya kusafishia picha za nyeusi na nyeupe walau huvumilia taa nyekundu. Filamu ya rangi, ule mkanda unaowekwa ndani ya kamera, haitaki hata hiyo. Unaingia kupitia ujia unaopinda mara mbili tatu, mwanga unakuacha kwenye kona, na ukifika ndani huoni kiganja chako hata ukikigusisha puani. Saa yenye mishale inayong'aa unaiacha nje. Mkono ukutani, hatua fupifupi, na ukikaribia kona unapiga mluzi, mwenzako asije akakuparamia na toroli. Kila mtu alikuwa na mluzi wake. Wangu ulikuwa mbaya, wakanikataza, nikawa nakohoa. Hata mashine ya kukata mikanda tuliijua kwa mlio: ikibadili sauti kidogo tu, mkono umeshafika kwenye swichi kabla hujawaza. Wiki za kwanza nilitoka humo shingo imekakamaa kwa woga. Baadaye ikawa nikitoka nje, theluji na jua vikinipiga machoni, natamani kurudi.

Basi wazee wakaanza na George Eastman, mwanzilishi wa Kodak, utadhani walisoma naye. Kwamba neno Kodak halina maana yoyote, alilibuni mwenyewe na kulisajili mwaka 1888 kwa kuwa aliipenda tu herufi K. Kwamba kamera yake ya Brownie ilipotoka mwaka 1900 iliuzwa dola 1. Nikachomekea kwamba mzee huyo alikuja kuwinda kwetu Afrika Mashariki mwaka 1926; wakanisikiliza kwa adabu, wakarudi kwenye bonasi. Hiyo bonasi ilianza mwaka 1912, mgawo wa faida kwa kila mfanyakazi, na kuna mzee anayeikumbuka miaka yake yote kazini kwa magari aliyoyanunua.

Lakini niliyoipenda mimi ni habari ya ng'ombe. Chembe za madini ya fedha kwenye filamu zinashikiliwa na jelatini, na jelatini hupikwa kwa mifupa na ngozi za ng'ombe. Miaka ya 1920 ilikuwa shehena hii inatoa filamu nyepesi kuhisi mwanga, ile inatoa filamu nzito, na hakuna ajuaye kwa nini. Mkemia wa kampuni, Samuel Sheppard, ndiye aliyeng'amua kwamba siri ni salfa kidogo sana, na salfa hiyo inatoka kwenye haradali waliyokula ng'ombe malishoni. Kiwanda kizima, na maabara zake, kumbe kinamtegemea ng'ombe leo kachagua kula nini!

Sasa swali lako. Mwaka 1982 Kodak ilikuwa na wafanyakazi zaidi ya 60,000 katika mji huu na viunga vyake. Mwaka 2007 tulisimama barabarani tukatazama baadhi ya majengo yetu yakilipuliwa kwa baruti, na mwaka 2012 kampuni ikaomba mahakama iikinge na wadai wake. Huko nje watu husema tulijichimbia kaburi wenyewe, kwa kuwa kamera ya kwanza ya kidijitali ilitengenezwa humuhumu mwaka 1975 na Steven Sasson, dude la kilo tatu na ushee linalohifadhi picha kwenye kaseti, na wakubwa wakaipuuza. Watu wanaipenda hadithi hiyo kwa sababu ina mjinga ndani yake. Mimi siikubali yote. Mwaka 2005 Kodak iliongoza kwa kuuza kamera za kidijitali hapa Marekani, na haikusaidia kitu. Faida ilikuwa kwenye filamu: mtu ananunua, anapiga, anasafisha, ananunua tena. Na ujuzi wetu wote ulikuwa wa kupika na kupaka, utando juu ya utando, gizani. Kamera mpya haikuhitaji mpishi. Niliyasema haya mezani, mzee wa magari akanijibu kwamba kikohozi changu hakijabadilika.

Halafu kampuni haijafa kabisa. Ilitoka kwenye ulinzi wa mahakama mwaka 2013, na filamu bado inatengenezwa hapahapa, hata za sinema. Kwa hiyo sasa hivi, ninapokuandikia, kuna mtu kule ndani anapapasa ukuta.

Nina ombi. Ile picha ya Baba iliyoko ukutani, ishushe uigeuze. Tazama mgongoni kama kuna maandishi hafifu ya kijivu yanayosema Kodak. Si lazima iwe imetoka Rochester, hata Harrow kule Uingereza walikuwa na kiwanda cha karatasi. Lakini ukiyakuta niandikie upesi, kwa sababu nimeshawaambia wazee kwamba yapo.

Wasalimie wote.

Mdogo wako