Watoto wapate pa kushinda msimu wa korosho

Mhariri,

Huku Newala na Tandahimba, kituo cha kulelea watoto mchana mara nyingi hufunguliwa Januari na kufa Juni, wakati ndiyo kwanza kinahitajika. Juni salfa inapulizwa kwenye mikorosho kuzuia ugonjwa wa ubwiri unga, na Oktoba hadi Desemba ni kuokota. Mtoto wa miaka mitatu akifuatana na mama, anavuta vumbi la salfa linalowasha macho na kukereketa koo, au anatia mdomoni korosho mbichi na mafuta ya ganda yanamuunguza. Akibaki nyumbani analelewa na dada yake wa darasa la nne, ambaye mtihani wake wa taifa ni Oktoba hiyo hiyo.

Vituo vinakufa kwa sababu mchango unadaiwa kila mwezi, ilhali fedha ya mkulima inaingia minada ya korosho ikishaanza. Tunapendekeza mkutano mkuu wa AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, upitishe makato ya shilingi 10 kwa kila kilo ya korosho. Chama kinachouza tani 200 kitapata shilingi 2,000,000. Ziwekwe kwenye akaunti ya kituo, zisiguswe hadi Juni inayofuata. Posho ya walezi wawili, shilingi 80,000 kila mmoja kwa miezi saba, ni 1,120,000. Zinazobaki 880,000 ni za chakula. Makato hayo yaandikwe kwa jina lake kwenye hati ya malipo. Yakichanganywa na makato mengine, wanachama watayakataa mwaka wa pili, na watakuwa na haki.

Uji wa watoto 30 kwa siku unataka unga kilo moja na nusu, karanga gramu 300 na maji lita 10 hivi. Kwa miezi saba ya siku 20 hiyo ni kilo 210 za unga na 42 za karanga. Mahindi na karanga vinunuliwe vikivunwa, bei ikiwa chini, vikaushwe juu ya turubai na kuwekwa kwenye chaga mbali na ukuta. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe zote, maana sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi kwa kuchemsha. Karanga zisisagwe pamoja na unga wa mwezi mzima, kwani mafuta yake huchacha; zitwangwe kidogo kidogo, za wiki moja tu. Kosa jingine la kila siku ni kuongeza maji watoto wakizidi. Kikombe kinajaa, lakini mtoto ameshiba maji.

Maji yenyewe ni taabu huku juu uwandani, na tangi la mvua halisaidii kiangazi. Kila mzazi akija na lita tatu kwenye kidumu, watoto 30 wanapata lita 90: za uji, kunywa, kunawa na kuosha vikombe.

Walezi wachaguliwe miongoni mwa vijana wa kijiji waliomaliza kidato cha nne, wafundishwe kabla ya Juni, na kituo kisajiliwe kupitia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Wawe wawili kweli, kwa sababu mmoja akikoroga uji hakuna wa kuangalia watoto.

Viongozi wa AMCOS waliingize jambo hili kwenye ajenda za mkutano mkuu kabla ya mnada wa kwanza. Korosho zikishauzwa, tutakuwa tumechelewa mwaka mzima.

Wadau wa malezi ya awali,
Newala, Mtwara