Barua kwa sahibu yangu: mpango wa kuzamia katika safari ya Karibi

Dar es Salaam,
Februari.

Sahibu yangu mpendwa,

Assalaam aleykum. Natumai barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya. Nimefurahi mno kusikia kwamba mmekwisha kukata tiketi za meli ya kitalii itakayong'oa nanga Galveston, Texas, mwezi wa Julai na kupitia kisiwa cha Roatán (Honduras), Belize na kisiwa cha Cozumel (Meksiko), na nimefurahi zaidi kwamba umeniachia mimi kazi ya kukupangia siku za snokeli, yaani kuelea juu ya maji na kutazama chini kwa miwani na mrija, na, Mungu akipenda, siku ya kuzamia kwa mtungi wa hewa kwa mara ya kwanza. Maji hayo niliyapitia nilipokuwa naishi Texas, nami nayapenda, kwa hiyo nitakueleza ninavyoona bila kuficha.

Neno langu kubwa ni hili: kuzamia kwa mtungi kufanyeni Roatán, na bandari nyingine mbili ziwe za snokeli tu. Najua shemeji anaitaka Cozumel kwa sababu ndiyo yenye jina. Lakini bandari zenu zote tatu zimo katika tumbawe moja kubwa, lile linaloanzia ncha ya rasi ya Yucatán kule Meksiko na kuteremka kwa takriban kilomita 1,000 hadi visiwa vya Honduras, kwa hiyo hakuna atakayekosa uzuri kwa kuchagua huku badala ya kule. Kinachotofautiana ni tabia ya maji. Upande wa magharibi wa Cozumel, penye kuta maarufu za matumbawe kama za Palancar, mkondo hukimbia sambamba na pwani, na wazamiaji huachwa wachukuliwe nao huku boti ikiwafuata juu. Kwa mzoefu ni raha isiyo na mfano. Kwa mtu ambaye bado anafikiria masikio yake, pumzi yake na mahali alipo mwalimu wake, ni mzigo wa nne asiouhitaji. Roatán, hasa upande wa West Bay, matumbawe yako karibu sana na ufuko, na kabla ya kuyafikia kuna mchanga mweupe kwenye maji ya kina kifupi ambapo mtu anaweza kupiga magoti, kujaribu vifaa, na kusimama akitaka kusema neno.

Kuna sababu ya pili, nayo ni ratiba yenu. Roatán mnaifikia kwanza. Julai iko ndani ya msimu wa vimbunga wa Atlantiki, unaoanza Juni 1 hadi Novemba 30, na ingawa mwezi huo kwa kawaida ni mtulivu kuliko Agosti na Septemba, upepo wa siku moja unatosha kuifunga bandari ya boti ndogo. Mkipanga kuzamia Roatán na hali ikakataa, mtakuwa bado na Cozumel mbele yenu, ambako mwalimu anaweza kuwapeleka mahali palipokingwa kama Chankanaab. Mkiiweka Cozumel kuwa ya kwanza katika mipango na hali ikakataa hapo, hakuna bandari nyingine tena, ni kurudi nyumbani.

Sasa kuhusu kuzamia kwenyewe. Mtakachofanya si kozi kamili bali ni jaribio la mara moja, ambalo PADI, shirika la mafunzo ya kuzamia, limeliwekea masharti yanayoeleweka: umri wa chini ni miaka 10, kina hakizidi mita 12, na mwalimu yuko nanyi muda wote ndani ya maji. Binti yetu wa miaka kumi na miwili anaruhusiwa, mdogo wake wa miaka minane haruhusiwi, na ninakuomba usikubali mtu yeyote wa ufukweni atakayekuambia kwamba "atamshika mkono tu." Yeye abaki na baba yake juu ya maji akiwa na jaketi okozi, na kwa maji yale meupe atawaona mkiwa chini. Unapozungumza na duka la kuzamia, swali la kwanza lisiwe bei. Uliza mwalimu mmoja huchukua wanafunzi wangapi baharini. Mimi ningelipa zaidi ili wawe wawili, yaani wewe na binti yako peke yenu.

Fomu ya afya ndiyo inayoharibu siku za watu wengi, na ndiyo sababu ninakuandikia Februari wala si Juni. Kila anayezamia hujaza fomu inayouliza kuhusu pumu, moyo, shinikizo la damu, kisukari, kifafa, upasuaji, ujauzito na mengineyo, na baadhi ya majibu ya "ndiyo" humlazimisha kupata saini ya daktari kabla ya kuingia majini. Watu hufika gatini, wakaandika ukweli, wakaambiwa hawawezi kuzamia siku hiyo, na fedha zikaenda. Wengine, na hili ndilo linaloniumiza, huamua kuandika uongo ili wasikose. Uliniambia shemeji hutumia dawa ya kuvuta ya pumu. Kama naye anataka zamu yake ya kuzamia, iombeni fomu hiyo dukani mapema, aende nayo kwa daktari wake Houston, na jibu la daktari likiwa hapana, liwe hapana. Pumu inaweza kunasa hewa ndani ya pafu, na hewa iliyonaswa ndiyo hatari yenyewe ya mchezo huu.

Nikueleze kwa nini, kwa sababu ukijua sababu hutasahau kanuni. Ukiwa mita 10 chini, shinikizo ni maradufu ya lile la juu, na mtungi hukupa hewa iliyobanwa kulingana na hapo ulipo. Pafu lililojaa kwenye kina hicho, ukipanda nalo huku umeziba pumzi, hewa iliyomo hutaka nafasi mara mbili kabla hujafika juu, na pafu halina nafasi hiyo. Ndiyo maana kanuni ya kwanza utakayoambiwa ni kutoziba pumzi kamwe: vuta taratibu, toa taratibu, wakati wote, hata unapokohoa ndani ya kipande cha mdomoni. Masikio nayo ni habari ya shinikizo hilohilo. Anza kuyasawazisha mapema, ukiwa hujashuka hata mita moja, kwa kubana pua na kupuliza kwa upole mpaka usikie mlio mdogo ndani ya sikio, kisha rudia kila unaposhuka kidogo. Likikataa, panda kidogo, jaribu tena; usishindane nalo. Na mtu mwenye mafua asizame siku hiyo, hata kama amelipa.

Mambo haya yote yanaweza kufanyiwa mazoezi nyumbani. Ninakuomba kabla ya Julai muende wote wanne kwenye bwawa la kuogelea mara kwa mara, mkiwa na miwani ya kuzamia, mrija na mapezi yenu wenyewe. Nunua miwani, usiitegemee ya kukodi. Ijaribu dukani hivi: iweke usoni bila kupitisha mkanda kichwani, vuta hewa kidogo kwa pua, kisha achia mkono. Ikibaki imeshika, inakufaa. Ikidondoka, jaribu nyingine, hata kama ile ya kwanza ndiyo yenye rangi aliyoipenda binti. Kwako wewe kuna jambo la ziada. Ukingo wa mpira wa miwani lazima ulale juu ya ngozi tupu pande zote, kwa hiyo kofia ya nguo yako ya stara ivutwe nyuma kidogo kwenye paji la uso, na mkanda upite juu ya kofia. Uzi mmoja tu wa nywele au pindo la kitambaa likipita chini ya mpira, maji yataingia mpaka utachoka. Nguo yenyewe ya stara haina tabu yoyote. Inavalika vizuri chini ya vazi la mpira la kuzamia, na mikono mirefu itawakinga wote na jua, hivyo hamtahitaji kujipaka mafuta mengi ambayo huishia kwenye matumbawe.

Belize nitaipitia haraka. Meli kubwa hazifiki gatini pale. Hutia nanga mbali, na abiria hushushwa kwa boti. Ukiongeza safari ndefu ya boti nyingine hadi hifadhi ya Hol Chan iliyo karibu na San Pedro, siku nzima itaishia njiani, na watoto watachoka. Chukueni badala yake safari ya kisiwa kidogo kilicho karibu, kama Goff's Caye, ambapo mnaingia majini kutoka mchangani. Lile Shimo la Buluu ambalo shemeji ameliona pichani lina kina cha zaidi ya mita 120, liko mbali, na uzuri wake wa chini ni wa wazamiaji wazoefu. Aliache kwa sasa. Na mkiambiwa bei, ulizeni ni dola ipi, maana dola ya Marekani moja ni sawa na dola mbili za Belize.

Cozumel iwe siku ya kufurahi kwa snokeli ya boti, pamoja na nahodha anayejua kuwashusha upande mkondo unakotoka na kuwapokea unakoelekea. Hapo kazi yenu ni kuelea tu na kutazama. Kaeni wawili wawili, mkubwa na mtoto, na asiwepo hata mmoja wa kujitenga kwa sababu ameona kasa. Snokeli watu huidharau kwa kuwa haina mtungi, kumbe wageni wengi wanaopoteza maisha baharini wakiwa likizoni hupotea juu ya maji, kimyakimya, bila kupiga kelele. Wote vaeni majaketi, hata shemeji anayejiita mwana wa Tanga.

Jambo la saa nalo si dogo. Meli ikiendelea kufuata saa za Texas mwezi wa Julai, Cozumel mtakuwa sawa nayo, lakini Roatán na Belize ziko nyuma kwa saa moja. Ukiambiwa mwisho wa kupanda melini ni saa kumi alasiri, saa za Roatán zitakuwa zinasema saa tisa, na simu yako inaweza kujibadilisha yenyewe bila kukuambia. Vaa saa ya mkononi iliyowekwa kwa saa za melini, na waulize wahudumu wa meli asubuhi ileile kabla ya kushuka. Safari iliyonunuliwa melini ikichelewa, meli huisubiri. Uliyoinunua mwenyewe ikichelewa, meli huondoka, nanyi mtaifuata bandari inayofuata kwa gharama zenu. Hata hivyo, kwa kuzamia Roatán ningechagua duka la nje lenye kundi dogo, mradi mmalize majini mapema na kubaki na akiba ya muda wa saa mbili, na mradi waandike kwamba watarudisha fedha iwapo meli haitafika bandarini. Kwa Belize, penye boti juu ya boti, nunua melini.

Baada ya kuzamia msiwe na wasiwasi wa ndege. Shirika la DAN, linaloshughulikia usalama wa wazamiaji, linashauri kungoja angalau saa 12 baada ya mzamo mmoja, na ninyi mna bahari ya siku kadhaa kabla ya Galveston.

Sitaki mwende na matumaini ya picha za matangazo. Kuna ugonjwa unaokula nyama ya matumbawe magumu, ulioonekana kwanza Florida mwaka 2014, ukafika pwani ya Karibi ya Meksiko mwaka 2018 na Roatán mwaka 2020, na umeacha mifupa mitupu mahali palipokuwa na uhai wa miaka mingi. Tena joto la bahari la mwaka 2023 liliyapausha mengi yaliyosalia. Nayasema haya ili watoto waelewe kwa nini hawatagusa wala kusimama juu ya tumbawe, hata kwa ncha ya pezi. Lakini uhai bado upo tele. Mwambie binti yako atulie karibu na pono, asikilize: atayasikia meno yake yakikwangua mwamba, kra, kra, na baada ya muda atamwona akitoa mchanga mweupe nyuma yake. Ataona pia samaki mwenye mistari myekundu na miba mirefu yenye sumu, ambaye katika bahari yetu ya Hindi ni mwenyeji, lakini huko ni mvamizi anayemaliza samaki wadogo. Roatán wazamiaji humwinda na humla. Amtazame kwa mbali.

Nitumie ratiba kamili ya meli pamoja na saa za kufika na kuondoka kila bandari, nami nitakuandikia maswali ya kuwauliza maduka mawili matatu ya West Bay kabla hujalipa chochote. Wakati huo huo shemeji aanze habari ya daktari wiki hii, maana hilo ndilo linalochukua muda.

Wasalimie sana watoto, na mama yako ukimpigia simu.

Wasalaam,
Sahibu yako wa siku zote.