Kuwapokea wenzetu Leipzig

Habari za jioni ndugu zangu. Wahadhiri wawili, mmoja wa Dodoma na mwingine wa Eldoret, wanaingia Jumapili. Natafuta mtu wa kuwapeleka kujiandikisha makazi. Sheria ya Ujerumani inatoa wiki 2 tangu kuhamia, na bila karatasi ya mwenye nyumba ya kuthibitisha kwamba wamehamia kwake watarudishwa dirishani. Majina yao yabandikwe kwenye sanduku la barua siku hiyohiyo, maana namba ya mlipakodi huja kwa posta. Yangu ilirudi ilikotoka, mshahara wa kwanza ukakatwa kodi ya juu kabisa. Iliniuma sana, sitaki wayapitie. Waelezeni pia “c.t.” kwenye ratiba: kipindi cha saa 4 huanza saa 4 na robo. Nani ana nafasi Jumanne asubuhi? Anijibu hapahapa.