Rashidi, usiandike hiyo barua kwanza

Rashidi ndugu yangu,

Salaam nyingi, na mama umpe shikamoo yangu. Huku wote wazima. Mwanaidi kajifungua mtoto wa kike, mengine tutaongea kwenye simu.

Ujumbe wako umenikosesha raha. Eti uandike barua ya kuacha tasnifu kwa sababu kwenye kikao umeambiwa Mame-Bantu, ile lugha ya kale iliyozaa lugha zote za Kibantu, ni ya kukisia tu, haikuandikwa popote! Basi tazama familia ya Kihindi-Kiulaya, yaani lugha nyingi za Ulaya, Uajemi na Uhindi zenye asili moja. Lugha mame yake nayo haikuandikwa. Tangu msomi Mwingereza William Jones aseme kule Kolkata, 1786, kwamba Kisanskriti, Kigiriki na Kilatini huenda vina asili moja, wataalamu wamekuwa wakilinganisha tu: Kiajemi, Kirusi, Kialbania, Kiarmenia, hadi Kiairishi.

Mwaka 1879 kijana wa Uswisi, Ferdinand de Saussure, akatoa kitabu kuhusu irabu za lugha hiyo mame. Hesabu ya irabu haikukaa sawa mpaka aweke sauti ambazo hakuna tawi lililojulikana wakati ule lililokuwa limezihifadhi. Wengi hawakumkubali.

Kihiti, lugha ya kale iliyokwisha kufa, kilikuwa bado chini ya ardhi ya Uturuki, kwenye vibao vya udongo. Uchimbaji wa Boğazköy ulioanza 1906 ukavitoa kwa maelfu, na 1915 mtaalamu Bedřich Hrozný akatangaza kuwa lugha ile ni ya familia hiyohiyo. Ndipo 1927 mwanaisimu Jerzy Kuryłowicz akaonyesha kwamba Kihiti kina sauti ya h katika maneno ambamo Saussure alidai kuna sauti iliyopotea. Saussure mwenyewe alikuwa kafariki tangu 1913. Kila nikifika hapo nasikitika, maana angeishi kidogo tu zaidi...

Utanijibu kwamba Wabantu hawakuacha vibao. Kweli. Lakini Saussure naye hakuwa navyo, na kazi alikuwa keshaimaliza! Alikuwa na ulinganishi tu, uleule aliotumia Mjerumani Carl Meinhof kwa Kibantu mwaka 1899, uleule ulio nao wewe. Aliyekuambia unakisia hajui kazi hii inafanywaje.

Sasa niambie: msimamizi wako umeshamwambia? Yale maneno ya Kisambaa uliyokusanya kwa wazee wa Lushoto umeyatunza wapi? Ada ndiyo inayokusumbua kweli, unanificha? Halima anasemaje? Na kuna mwingine atakayekwenda kuwauliza wale wazee ukiacha wewe?

Nipigie kabla hujapeleka chochote ofisini.

Wako,
Mbwana