Barua ya wazi kwa Waziri wa Kilimo wa Kaunti: maji ya barabara yanakula mashamba

Mheshimiwa Waziri,

Masika yakikolea, Mto Sabaki hushuka mwekundu na bahari ya Malindi ikageuka rangi. Tumezoea kusema udongo ule watoka bara, na si uongo, kwani mto huo huanzia huko juu ukiitwa Athi. Lakini mwingine ni wangu. Nimeuona ukiondoka.

Ninalima Langobaya, mahindi na kunde chini ya mikorosho. Mwaka juzi greda lilitengeneza barabara yetu, nasi tukafurahi. Ila mitaro yake ilielekezwa mashambani. Mvua ya pili tu, korongo likanifika kiunoni, na mkorosho alioupanda marehemu baba ukabaki mizizi nje. Pale Nyari, Marafa, watalii hulipa kiingilio kutazama ardhi iliyoliwa na mvua. Kivutio cha namna hiyo mimi sikitaki shambani.

Shemeji yangu wa Machakos ndiye aliyenifunza fanya juu, yaani mtaro unaokata mteremko, udongo wake ukitupwa upande wa juu uwe tuta. Ili kupata mstari wa usawa, tulifunga miti mitatu mfano wa herufi A, tukaning'iniza jiwe kwa kamba katikati. Kamba ikitua kwenye alama, miguu yote miwili iko usawa mmoja. Hapo unapiga kigingi, unasogea. Nilikuwa nikiliamini jicho langu, kumbe lilinidanganya kimo cha goti zima! Tukachimba mtaro wa sentimita 60 upana na 60 kina, udongo tukiutupa upande wa juu. Juu ya tuta tukapanda majani ya nepia, na mtaroni tukalaza makumbi ya nazi badala ya kuyachoma, maana makumbi hunywa maji na kuyaachia polepole.

Tuta limeshika. Sasa sikia aibu yangu: maji yanayozidi hutokea mwisho wa mtaro, kwa jirani yangu mjane, na korongo jipya limeanza kwake. Nimejiokoa kwa kumtupia yeye.

Ndiyo maana nakuandikia wewe. Miche tunayogawiwa tunaipokea kwa shukrani, lakini maji ya barabara hayajui mpaka wa shamba. Kabla ya vuli, tuletee afisa wa kilimo na fundi wa barabara siku moja, watembee nasi, wapime wapi kila mtaro utoe maji, na yanayozidi yaelekezwe kwenye silanga moja ya kijiji, yaani bwawa la kukusanyia maji. Kuchimba tutachimba wenyewe.

Ile fremu ya miti ipo, nimeiegemeza ukutani nyuma ya nyumba.

Wako,
Mkulima wa Langobaya