Shukrani kwa mzee wa Mwembe Tayari

Mzee wangu, jina lako sikuuliza nawe hukulitaja. Nakushukuru hadharani kwa ile Jumamosi uliyonikuta nimelala chini ya gari, Mwembe Tayari, nagombana na ekzosi, yaani bomba la moshi.

Gari lenyewe ni nakala tu ya AC Cobra, lile la Uingereza ambalo Mmarekani Carroll Shelby alilitia injini ya Ford V8 mwaka 1962. Ekzosi mpya, za kupita ubavuni chini ya milango, zilikataa katakata kukutana na injini. Ya kulia ilipelea vidole viwili. Mimi nikaivuta kwa bolti. Ukasema, "Mwanangu, ukiilazimisha leo, itapasuka kesho," ukakunja kanzu yako nyeupe (nyeupe!) ukachutama.

Ulinifungulisha kila nati. Tukaegemeza bomba juu ya jeki na kipande cha ubao, tukaanza kukaza upya kutoka kwenye injini kurudi nyuma, vishikizo mwisho. Ukanieleza kuwa stenlesi, chuma cha bomba lile, ikipata moto hurefuka, kwa hiyo ining'inie kwenye mpira, isibanwe. Kipande kilichopelea ulikichomelea kwa vidoti vitatu, baada ya kunigombeza nitoe waya wa betri kwanza. Injini ilipopata moto na kupoa ukanirudisha chini kukaza tena. Hilo nisingelijua.

Pesa ulikataa, ukanywa kahawa chungu vikombe viwili.

Spana yako namba 13 imebaki kwangu. Nipo palepale, pita uichukue.