Barua kwa Baba Mdogo: kwa nini naendelea na Kihispania

Houston, Texas

Baba Mdogo, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe, Mama Mdogo, wadogo zangu na Bibi. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimia sana, Baba bado yuko zamu za usiku. Joto la hapa limeanza kupungua, ingawa mimi mtoto wa Tanga halijawahi kunitisha.

Ujumbe wako wa sauti tuliusikiliza sote mezani. Ulipouliza kwa nini napoteza muda na Kihispania mwaka wa pili mfululizo, wakati nataka uuguzi na kuna kemia na hesabu za kusoma, Baba alinitazama akasema, "Mjibu mwenyewe." Nimeona sauti ya dakika mbili haitatosha. Wewe ni mwalimu wa Kiswahili, na jibu langu lina sarufi nyingi ndani yake, kwa hiyo naomba unisome mpaka mwisho.

La sheria nilimalize kwanza. Hapa Texas, mwanafunzi wa sekondari kwa kawaida hutakiwa apate krediti mbili za lugha moja isiyo Kiingereza kabla ya kuhitimu, na kila krediti ni kozi ya mwaka mzima. Wapo wanaoruhusiwa kusoma uandishi wa programu za kompyuta badala yake. Mwaka wa kwanza pekee hautoshi. Lakini krediti si sababu yangu. Hata ningeambiwa leo kwamba nimeshazipata, kesho ningeingia darasani vilevile.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa salamu, rangi, siku za wiki na vitu vya jikoni. Mwaka wa pili ndio lugha yenyewe inafunguka. Tumeingia kwenye njeo za wakati uliopita, amri, na viwakilishi vinavyobandikwa kwenye kitenzi. Hapo ndipo wenzangu wengi waliokulia kwenye Kiingereza wanapolalamika, na hapo ndipo mimi ninapojisikia niko nyumbani.

Chukua irabu. Kihispania kina tano, a, e, i, o, u, na zinatamkwa karibu sawa kabisa na zetu. Chukua nafsi. Kitenzi chenyewe kinaonyesha nani anasema: *hablo*, nasema, *hablamos*, tunasema. Hakuna haja ya kutaja "mimi" kila mara. Kuna wenzangu ambao mpaka leo wanaanza kila sentensi na *yo, yo, yo*. Sifa nazo lazima zikubaliane na nomino kwa umoja na wingi, *libro rojo, libros rojos*, kitabu chekundu, vitabu vyekundu. Kihispania kina jinsi mbili tu za nomino, ya kiume na ya kike. Mtu aliyelelewa na upatanisho wa ngeli zetu zote, mbili zitamshinda nini?

Halafu lipo hili, ambalo nilitamani ungekuwepo darasani ulisikie. Kihispania kinatofautisha kumwona mtu na kuona kitu. *Veo la casa*, naona nyumba. Lakini mama huwezi kumtaja hivyohivyo. Lazima utangulize *a*: *veo a mi mamá*. Mwalimu alieleza kwa muda mrefu, mifano ubaoni, watu wakaguna. Mimi nilikuwa nimeshaelewa. Si ndivyo tunavyofanya sisi? Naona nyumba, lakini *namwona* mama. Ukisema "naona mama" utasikika kama mgeni. Hata mbwa wa nyumbani huingizwa humo, *busco a mi perro*, namtafuta mbwa wangu. Nilinyoosha mkono nikamwambia mwalimu kwamba lugha yangu nayo humpa mtu alama yake ndani ya kitenzi. Yeye ni mzaliwa wa Monterrey, kaskazini mwa Meksiko. Alikatiza somo akaniambia niandike ubaoni. Nikaandika *naona* na *namwona*, moja chini ya nyingine, nikapiga mstari chini ya *mw*. Baba Mdogo, kwa mara ya kwanza Kiswahili kilikuwa ubaoni katika shule hii, na aliyekiandika ni mwanao.

Amri ni hivyohivyo. *Habla*, sema. *No hables*, usiseme. *Quiero que hable*, nataka aseme. Umeona ile a ya mwisho inavyogeuka kuwa e, huko na huku? Vitenzi vyao vya kundi jingine vinageuka kinyume, e inakuwa a: *come*, kula, *no comas*, usile. Lugha hizi hazina undugu wowote, najua, na sitaki kuudai. Lakini sikio langu lilikuwa limeshafunzwa kungoja irabu ya mwisho ibadilike pale mtu anapotaka, anapokataza au anapoomba, na waliolifunza ni nyinyi.

Kigumu kipo. Mkazo, kwa mfano. Sisi tunaukalisha kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ukiacha maneno machache kama lile *barabara* la kusema sawasawa. Kihispania nacho hupenda silabi hiyohiyo, ila kikiuhamisha, maana inabadilika: *hablo* ni nasema, *habló* ni alisema. Alama ile ndogo juu ya herufi si pambo. Nashukuru tu kwamba wale wenzetu wanaozungumza Kihispania nyumbani nao wanaihangaikia. Wanasema haraka kama mvua, lakini kwenye karatasi wanaiuliza alama iwekwe wapi. Mimi nawasaidia kuandika, wao wananisaidia kusikia.

Kikubwa kuliko vyote mwaka huu ni njeo mbili za wakati uliopita. Moja ni ya jambo lililotokea likaisha, nyingine ni ya jambo lililokuwa likiendelea au lililokuwa desturi. *Compró*, alinunua. *Compraba*, alikuwa akinunua. Tulipewa kazi ya kuandika kumbukumbu ya utotoni tukizitumia zote mbili, nami nikakuandika wewe:

*Cada viernes mi tío compraba pescado en Deep Sea y yo llevaba la canasta. Un viernes llegó una lancha con un pulpo enorme.*

Yaani, kila Ijumaa baba mdogo alikuwa akinunua samaki soko la Deep Sea nami nikibeba kikapu; Ijumaa moja ikafika boti yenye pweza mkubwa kupindukia. Nikaendelea mpaka pale wachuuzi walipoanza kupandishiana bei na wewe ukanivuta pembeni nisikanyagwe. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa. Watu waliuliza pweza analika vipi, nikaeleza kwa Kihispania jinsi Bibi anavyomchemsha kwanza, ndipo anampika kwa nazi. Najua ulihofia kwamba lugha hii itaniondoa kwenu. Imenilazimisha niikumbuke Tanga kwa uangalifu ambao sikuwa nao nilipokuwa huko.

Nikwambie pia ninachojifunza nje ya darasa, maana jiji hili ni darasa. Kihispania kiko kwenye mabango ya zahanati, redioni, kwenye mabasi. Texas yenyewe ilikuwa sehemu ya Meksiko hadi 1836, na majina ya miji hayajafutika: San Antonio, El Paso, Laredo. Kazini kwa Mama wenzake wengi wametoka El Salvador na Honduras. Wanabadilishana chakula mchana, chapati kwa pupusa, mikate yao ya mahindi yenye kujazwa ndani.

Rafiki yangu mmoja, ambaye ukoo wake umetoka San Luis Potosí, Meksiko, alinialika kwao Jumamosi moja. Bibi yake alikuwa jikoni akigeuza tortilla kwenye bamba la moto kwa vidole vitupu, sawasawa na Bibi anavyogeuza chapati. Alipomwita mjukuu wake, yule rafiki, ambaye shuleni hana utulivu hata kidogo, aliweka simu chini na kuitika, "*¿Mande?*" Ndivyo wanavyomwitikia mkubwa huko Meksiko, kama sisi tunavyoitika abee. Kuitika kwa *qué*, yaani "nini", mbele ya bibi ni kukosa adabu. Darasani tulikuwa tumefundishwa *tú* na *usted*, "wewe" zao mbili, kama jedwali la kukariri, hili la rika, lile la heshima. Pale jikoni niliona kazi yake. Nami nikamwambia bibi, "*¿En qué le ayudo?*" nikusaidieni nini, kwa umbo la heshima. Akanipa fungu la giligilani nioshe. Tulikaa mpaka jioni.

Kuna la historia ambalo shabiki wa Yanga kama wewe lazima alijue. Katika jimbo la Veracruz, Meksiko, upo mji unaoitwa Yanga. Jina ni la Gaspar Yanga, Mwafrika aliyetoroka utumwa akaongoza wenzake milimani. Mwaka 1609 Wahispania walituma jeshi kuwavunja, wakashindwa kuwamaliza, na baadaye wakakubali wawe na mji wao huru. Ulipewa jina lake mwaka 1932. Na rais aliyekomesha utumwa Meksiko mwaka 1829, Vicente Guerrero, naye alikuwa na damu ya Kiafrika. Haya sikuyajua nikiwa nyumbani, na nasikitika kwamba hatufundishwi. Kihispania si lugha ya mbali na Afrika kama tunavyodhani. Ni lugha rasmi ya Guinea ya Ikweta, na ni mojawapo ya lugha rasmi za Umoja wa Afrika, pamoja na Kiswahili chetu.

Sasa kuhusu uuguzi, ambao ndio ulionifanya nianze kuandika. Hospitali za Marekani zinazopokea fedha za serikali kuu hutakiwa kumpa msaada wa lugha mgonjwa asiyejua Kiingereza vizuri. Hapa Houston wapo wagonjwa wengi sana wanaozungumza Kihispania, na wapo ndugu zetu waliotoka Kongo kama wakimbizi ambao Kiswahili ndicho wanachojielezea nacho. Mama amewaona wakingoja kwenye korido, mkalimani akitafutwa kwa simu. Nataka niwe muuguzi ambaye pande zote mbili zinaweza kumweleza maumivu yao bila kungoja. Kemia sijaiacha na siiachi. Ila dozi utamwelezaje mtu msiyeelewana naye?

Kwa hiyo mwakani naomba ridhaa yako niingie mwaka wa tatu, na nikiweza nifike mpaka kozi ya juu ambayo mtihani wake vyuo vingi hukubali uhesabiwe kama masomo ya chuo. Baba amesema ukikubali wewe, naye hana neno.

Nina ombi moja. Lile daftari lako la rangi ya kijani, lenye maelezo ya hali ya dhamira tegemezi, ile ya "nataka aseme", nipigie picha kurasa zake unitumie. Tunakaribia kuisoma kwa kina kwa Kihispania, na nataka niingie nikiwa nimeishika vizuri kwa Kiswahili kwanza.

Hela ya dawa za Bibi, Baba ameshaituma, angalia kwenye simu yako. Mwambie Bibi nitapiga Jumapili saa moja usiku ya huko, asilale mapema. Wasalimie wote, na majirani, na mwalimu mkuu.

Wasalaam,
Ni mimi mwanao